Transfoma ya Ferdinand

Recho pokea simu!! Haya acha, naandika. Shemeji yako Ferdinand katuaibisha mtaa mzima wa Chapwa

Si unaijua ile redio ya mbao ya baba mkwe, aliyorudi nayo kutoka migodini Zambia? Ilianza kutoa moshi. Ferdinand akaitenganisha transfoma yake na kila kitu, akaichomeka peke yake. Bado ikachemka na kunuka. Mchawi kapatikana

Sasa mzee yuko getini, na unajua hasikii vizuri. Ferdinand akapaza sauti: "Baba, TRANSFOMA IMEUNGUA! Haifai tena!"

Aliyesikia ni jirani, Mama Imelda. Recho, Jumamosi ni sendoff ya Imelda, friza imejaa nyama ya wageni!!

Hakuuliza. Akajua ni ile ya kwenye nguzo. Akachomoa friza, eti umeme ukirudi usije ukaiunguza, akaita wanawake wakabandika masufuria. Nyama YOTE. Leo Alhamisi!

Na umeme haujakatika, Recho. Haujakatika!!

Sasa hivi kaja hapa. "Fundi, watu wa umeme wamesemaje?"

"Umeme upo, mama. Transfoma ya redio." Akamwonyesha. Kidude kama kipande cha sabuni

Mama Imelda akakichukua, akakigeuza. "Hiki ndicho kimenipikisha nyama yote?"

Badala ya kuomba msamaha, shemeji yako akasema: "Ndiyo, na bado kina moto, usiungue."

Kaondoka nacho. Anasema kamati ya sendoff lazima ikione