Udongo wa Mwezi na Mwiko wa Baba

Nyumba ya kona, nyuma ya shule.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo mdogo wangu? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani au wamekua wakaanza kugombania mambo ya maana? Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Baba naye ni mzima, anakohoa kidogo asubuhi lakini chai anaimaliza.

Najua unasubiri jibu la barua yako kuhusu Baba, na huenda umeshaanza kuninung'unikia kwa kukaa kimya. Jibu ninalo. Lakini itabidi univumilie, maana njia ya kulipata ilipitia mwezini. Usicheke, soma.

Darasa langu linajiandaa kwa maonyesho ya sayansi. Mwaka huu wamegoma kutengeneza mlima wa kutapika povu, nami nikashukuru kimoyomoyo. Msichana mmoja wa miwani, wenzake humwita Profesa, alikuja na swali lake: watu wakienda kuishi mwezini, watalima wapi? Udongo wa kule ni vumbi la mawe tu. Hauna mboji, hauna mdudu, wala haujawahi kuozesha hata jani moja. Kwa kuwa vumbi la mwezini hatuna, tuliamua kutengeneza la kuigiza. Tukaponda mawe meusi mpaka mikono ikaota malengelenge. Mpango ulikuwa kupanda maharage kwenye trei tatu: moja ya udongo wa bustani, moja ya vumbi tupu, na moja ya vumbi lililochanganywa na mboji.

Kazi ilikwama kwenye kuchekecha. Hapo ndipo nilipokumbuka chekeche la Baba la enzi zake za uashi, lililokuwa linaota kutu stoo.

Unajua alivyokuwa tangu Mama atutoke. Ukimsalimia anaitikia, ukimwekea chakula anakula, kisha anarudi dirishani. Ndiyo maana uliandika kwamba aje kwako, nami sikuona la kupinga. Ulisema nisimwambie kwanza, tupange chumba na makaratasi ya safari, tumwambie mambo yakiwa tayari. Nikakubali hilo pia. Basi nilipomwambia kwamba watoto wa shule wanahitaji fundi, alinitazama akidhani namtania, halafu akauliza viatu vyake viko wapi.

Laiti ungemwona! Kitambaa puani, mikono ya shati imekunjwa, anachekecha vumbi na kuwauliza watoto kama mwezini kuna mchanga wa kujengea. Walimwita Babu Fundi tangu siku ya kwanza. Aliomba yeye mwenyewe amalizie zile trei mbili za vumbi baada ya mbegu kufukiwa. Akashindilia, akapitisha mwiko, akatoa pimamaji mfukoni akaiweka juu kuhakikisha hakuna upande ulioinama. Zilitoka laini kama sakafu ya sebuleni. Darasa zima lilipiga makofi, na mimi mwalimu wa biolojia nikapiga pamoja nao.

Umeshajua kilichotokea. Maharage ya bustani yalichomoza kwa madaha. Kwenye trei za Baba maji yalisimama juu, yakakauka, yakaacha ganda gumu. Chini ya ganda lile mbegu zilikuwa zinakosa hewa.

Profesa aligundua mapema, lakini nani amwambie babu wa watu? Walikuja kwangu wakinong'ona. Tukakubaliana kwamba wavunje ganda na wapande upya akiwa hayupo, ili asijisikie vibaya. Niliona ni adabu, tena nilijipongeza kwa busara yangu.

Baba alipoingia tena darasani aliona mara moja kwamba ule si mkono wake. Akauliza nani amevuruga kazi. Mwishowe Profesa akajikaza akasema, "Babu, ilishindiliwa mno. Mizizi haiwezi kupita."

"Mmelijua hili tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya kwanza, Babu."

Hakumfokea mtu. Alifuta mwiko wake kwenye suruali, akauweka mfukoni, akaenda zake nyumbani. Siku zilizofuata alirudi dirishani, na safari hii hata chai aliiacha ipoe. Niliogopa, mdogo wangu. Nilidhani tumempoteza kwa ajili ya trei mbili za vumbi.

Halafu jioni moja, tukiwa mezani, akasema bila kuniangalia, "Kukosea si neno. Nimebomoa kuta zangu mwenyewe nilipoona zimepinda. Lakini mnakaa na kosa langu, mnanong'ona, mnapita nyuma yangu kulitengeneza! Mimi nimekuwa yai?"

Barua yako ilikuwa kwenye droo ya kabati, hatua chache kutoka pale alipokaa. Nikaona kwamba mimi na wewe tumemfanyia yaleyale, tofauti ni kwamba wale ni watoto. Nikainuka, nikaileta, nikamwambia yote: chumba, makaratasi, na kwamba tulitaka aje kujua mwishoni.

Akaisoma polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Akauliza swali lilelile, tumelijua tangu lini. Nikamjibu ukweli. Kisha nikaanza kupayuka kwamba si jambo la kuogopa, ugenini watu wanaishi, mbona hata ile miche imeanza kuota kwenye vumbi la mwezi!

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "mche haukuulizwa."

Ndipo nikamuuliza kama yeye mwenyewe anataka kuja kwako, akasema atafikiri.

Kesho yake alirudi shuleni. Safari hii mwiko aliuacha nyumbani, akawa anatifua vumbi kwa vidole huku Profesa akimwelekeza, naye anaitikia "sawa, mwalimu" kama mwanafunzi wa zamu. Miche ya vumbi tupu imedumaa na majani yake ni manjano. Ile yenye mboji si minene kama ya bustani, lakini imesimama, na mmoja umetoa ua jeupe. Watoto wataipeleka kwenye maonyesho pamoja na lile ganda la kwanza. Baba ndiye aliyetaka ganda liwekwe mezani, na kando yake kikaratasi kinachosema ni kazi ya nani.

Juzi tukiwa njiani kurudi akaniuliza kama ule ukuta wa uani kwako bado una ufa. Nikasema nadhani upo. Tukatembea kidogo. Akasema, "Sasa mmeniuliza. Mwambie nakuja."

Nilimwambia nimefurahi. Ukweli, mdogo wangu, nilikuwa natarajia atakataa. Mwenzio nimezoea kusikia kikohozi chake asubuhi kupitia ukutani, na sijui nyumba hii nitaikaaje bila hicho kikohozi.

Basi mpokee. Usimwekee kiti dirishani. Mpe ule ukuta, na akikosea mwambie palepale, usoni. Ukiona ameingia kwenye maua ya wifi na pimamaji, kimbia.

Msalimie sana wifi, na mapacha waambie shangazi yao anataka barua waliyoandika wenyewe. Mama mdogo anakusalimu, na jirani yetu fundi cherehani anauliza suruali aliyokushonea kama bado inakuingia. Mungu awalinde, awape afya, na amfikishe Baba kwenu salama.

Dada yako akupendaye daima,
Mwalimu.

N.B. Barua hii nimempa Baba aisome kabla sijafunga bahasha. Alipofika pale nilipoandika kwamba nilitarajia atakataa, niliona haya, nikachukua kalamu nipafute. Akanishika mkono. "Acha," akasema. "Na yeye ajue."