Jina Aliloitikia Mjukuu Wako

Baba,

Jana jina lako nusura livunje nyumba yangu. Nakuandikia leo kwa sababu wewe ungetaka kusimuliwa yote, neno kwa neno.

Nilijifungua mvulana hapa Kitale. Ulimkosa kwa miezi michache tu. Siku za kwanza alinyonya vizuri, kisha jana asubuhi akaanza kulia na kukataa titi. Nesi wa kliniki hakuona homa, akasema asiponyonya kufikia jioni tumrudishe alazwe. Tangu hapo sikuweza kukaa chini.

Mama alikuwa ameshafika kutoka Matulo. Unamjua. Alimtazama mtoto mara moja tu. "Huyu si mgonjwa, bana. Anataka jina." Akaanza kumwitia wafu wa ukoo mmoja mmoja, kama tulivyoitiwa sisi, akingoja jina litakalomnyamazisha. Mama mkwe akasimama na sufuria ya uji mkononi. Kwao, kijana wa kwanza huitwa babu yake wa upande wa baba. "Huyu ni Kamau," akasema. "Baba yenu angoje wa pili." Mama hakuinua hata macho. "Mtu akikufa hapangi laini."

Njoroge, mume wangu, akakumbuka ghafla kwamba kuku hawajalishwa.

Hapo nililikumbuka neno lako la mezani, ultracrepidarian, mtu anayetoa maoni kupita anachokijua. Ulituambia kuhusu fundi viatu aliyemkosoa mchoraji kwa kuchora ndara vibaya. Mchoraji akarekebisha. Kesho yake fundi akaanza kukosoa na mguu wenyewe, akaambiwa asipite ndara. Ultra crepidam, kupita ndara, Kilatini hicho. Baada ya hapo, jirani akizidisha siasa, wewe ulimtazama miguu tu, nasi tukabanwa na kicheko. Jana nilizitazama ndara za wale wamama wawili, lakini kicheko hakikuja.

Mwishowe Mama akaliita jina lako. Wanyonyi. Aliliita kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho kaburini. Mtoto akazidi kulia. Akaliita tena, polepole, kama anayebembeleza. Wapi. Nilimwona akinyong'onyea pale kwenye kiti, Baba, na nikaogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtoto ananiponyoka, na kwamba wewe umekataa kuja.

Ndipo matone yakagonga mabati. Mvua ya kwanza ya mwaka. Harufu ya udongo ikaingia hadi jikoni. Nilimchukua mtoto nikasimama naye mlangoni, jinsi ulivyosimama mlangoni mwa darasa kila mwaka mvua ikianza, ukakatiza somo, ukatuamuru tunuse kwanza ndipo tutamke jina la harufu hiyo: petrichor. Petra, jiwe. Ikor, damu ya miungu ya Wagiriki wa kale. Ulipenda kusema kwamba neno hilo ni changa kuliko wewe, kwamba wanasayansi wa Australia waliliunda ukiwa tayari unachunga ng'ombe. Wanafunzi wakakubandika jina, Mwalimu Petrikoo. Ulijifanya huna habari, lakini Mama aliwahi kukuona ukitabasamu.

Nikamnong'oneza mtoto. Petrikoo.

Akanyamaza. Akatafuta titi, akalishika. Labda alikuwa amechoka kulia, labda ni kelele za mabati. Sitaki kujua.

Mama alilia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Mama mkwe akauliza neno hilo maana yake ni nini, nikamweleza kama ulivyotueleza, nikianza na jiwe. Alisimama mlangoni akinusa kwa muda. Kisha akasema, "Kwa cheti ni Kamau. Hiyo ingine ya mvua tutamwita hapa nyumbani. Hata mimi."

Tulikuzika kiangazi, udongo wa Matulo ukiwa vumbi tupu, na niliumia kwamba hukuondoka na harufu yako. Mvua ya mwakani ikianza nitamleta. Nitamsimamisha pale ulipo, anuse kwanza, ndipo nimfundishe kutamka.

Pumzika sasa, Baba. Inabidi niishie hapa, Petrikoo ameamka na anataka kunyonya.

Binti yako