Aliyempa Dada Yangu Lifti Ndiye Atakayeniendesha Siku ya Harusi

Mshauri wetu wa Jumamosi,

Sijui hata nikusalimie vipi maana tangu Jumanne sijamsalimia mtu vizuri, naandika kwa hasira tupu, tafadhali nisome mpaka mwisho uniambie nifanye nini kabla sijafanya kitu cha kijinga.

Mimi ni fundi wa maturubai, yale ya kufunikia mizigo ya malori. Kibanda changu kinatazamana na geti la kampuni ya usafirishaji ambayo baba yangu aliiendeshea lori mpaka alipostaafu, kwa hiyo madereva wa pale wote nawaita baba, wamenibeba mgongoni nikiwa mdogo na leo wananiletea maturubai yaliyochanika na kunipigisha kelele za bei. Dada yangu, yule ninayemfuata, aliuawa akitoka chuoni kuja nyumbani likizo. Basi lao liliharibika njiani, akashuka na begi lake, akasimama pembeni ya barabara kuomba lifti, na hakuna aliyemwona tena mpaka wavunja kokoto walipomkuta ndani ya shimo lao, amenyongwa, begi liko kando yake na halijafunguliwa hata zipu. Polisi walikuja, wakapima, wakapiga picha, wakamuuliza mama sketi ilikuwa na urefu gani na kama binti alikuwa na wavulana wengi, halafu faili likafungwa kwa kukosa ushahidi. Mimi nilikuwa sekondari. Sasa nimempita dada yangu umri, na hilo peke yake linatosha kunitia uchungu kila ninapoliwaza.

Watu walisema sana, oo, msichana gani anasimama barabarani kuomba lifti, amejitakia. Mshauri, dada hakuwa mjinga. Baba alitupa sheria tangu tukiwa wadogo, ukikwama njiani usipande gari la mtu yeyote, subiri lori la kampuni yetu, lile lenye kichwa cha buluu, mtajie dereva jina la baba yako upande, maana wale wote ni baba zako. Tulipanda hivyo mara nyingi, tukila karanga kabinini na kuimba. Kampuni ilikataza abiria, dereva akikamatwa na mtu wa lifti anafukuzwa siku hiyo hiyo, lakini wao kwa wao walikuwa na kanuni yao, wakipishana barabarani dereva haoni kilichomo kabinini mwa mwenzake. Hata akimwona mkwewe humo, hajaona.

Sasa Jumanne alikuja kibandani dereva mmoja wa zamani tunayemwita Breki, kwa sababu hata kuku akivuka barabara maili mbili mbele yeye ameshakanyaga breki. Alileta turubai nimtie viraka. Akaona kadi ya harusi yangu mezani, akafurahi, akaniuliza, "Na nani atamwendesha bibi harusi?"

Nikamwambia, "Baba mdogo Taratibu. Ameazima gari jeupe kwa bosi wake."

Taratibu ni rafiki mkubwa wa baba, waliendesha pamoja. Ni mpole, hana makuu, kila mwaka siku ya kumbukumbu ya dada huja nyumbani, anakaa na baba uani mpaka jioni bila kusema mengi, na sisi tulikuwa tunasema huyu ndiye rafiki.

Breki akaacha kucheka. Akaketi juu ya turubai lililokunjwa, akasema, "Huyo asikuendeshe."

Mimi nikaleta utani, nikamwambia, "Una wivu? Ulitaka uendeshe wewe? Kwa breki zako hizo tutafika kanisani watu wameshakula na kulala."

"Mwanangu, nimesema huyo asikuendeshe."

Ndipo akayatapika. Kwamba siku ile alipishana na lori la Taratibu karibu na pale basi lilipoharibika, akamwona dada yangu kwa macho yake anapanda, na dada akampungia mkono. Kwamba msiba ulipotokea alimfuata Taratibu akamuuliza, Taratibu akalia, akaapa kwamba alimshusha njiapanda akiwa mzima, ila kampuni ikijua alibeba mtu atafukuzwa, basi wamsaidie waseme siku ile lori lake lilikuwa gereji, giaboksi imekufa. Na wakasema! Breki akasema, na wenzake wengine wakasema, polisi wakaandika, maana Breki mwenyewe siku ile alikuwa na abiria wake wawili wa kichochoro na aliogopa akimtaja mwenzake naye atatajwa. "Tulidhani tunamwokoa na meneja," ananiambia mimi, huku anajifuta machozi kwa turubai langu. Na meneja! Dada yangu yuko shimoni na wao wanamwogopa meneja!

Nilimfukuza. Nilimrushia turubai lake na viraka vyake. Kisha nikafunga kibanda nikaenda kwa baba, nikamkuta uani anapaka rangi viatu atakavyovaa siku ya kunitoa. Nikamwambia yote. Hakuinua kichwa, akaendelea kupiga brashi kiatu kile kile, akasema Breki amezeeka, anachanganya mambo. Nikamwambia hachanganyi. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Nani alimwambia apande? Si mimi? Mama yako akijua alipanda kwa sababu yangu, hatanitazama tena. Nyamaza. Taratibu alibeba jeneza." Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia ukutani. Mama alikuwa sokoni, hajui lolote mpaka leo, anahangaika na vitenge vya sare.

Breki amenitumia ujumbe, anasema yuko tayari kwenda polisi, lakini baba akubali kwanza, hawezi kumvunjia baba heshima, ni rafiki yake. Baba hakubali. Mchumba wangu ndiye aliyenimaliza kabisa, anasema kadi zimeshatoka, tufunge ndoa kwanza mambo ya polisi yatafuata, dada amekaa miaka yote hiyo, wiki chache zina ubaya gani. Na jana Taratibu mwenyewe kanipigia simu, sauti ile ile ya upole, ananiuliza, "Bibi harusi, riboni za gari unataka rangi gani?" Nikamjibu, nyeupe, baba mdogo. Nikakata.

Mshauri, nikienda polisi namuua baba kwa aibu na namvunja mama vipande, nikinyamaza nitaketi kiti cha nyuma cha gari la yule mtu na shela langu, nione kisogo chake njia nzima. Nifanye nini? Au nimfuate kwake nimuulize usoni? Maana hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote.

Ni mimi, fundi maturubai.

*

Mwanangu fundi,

Pole. Nimekaa na barua yako, nimekunywa maji, nimezunguka meza, na bado nina hasira, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo litakaloharibu kila kitu. Usimfuate. Usimuulize usoni wala mgongoni. Mtu aliyeweza kukaa uani kwenu kila mwaka akitazamana na baba yako, unadhani wewe utamtoa ukweli kwa kumfokea mlangoni? Atalia tena kama alivyomlilia Breki, kisha usiku huo huo atawazungukia wenzake wote wapange upya maneno. Akipiga simu tena kuhusu riboni, mwambie nyeupe, mshukuru, kata. Najua itakuchoma koo. Imeze.

Na tuelewane. Sijui nani alimnyonga dada yako, na wewe hujui. Unachokijua ni kwamba mtu wa mwisho kuonekana naye alidanganya polisi alikuwa wapi, na akawaomba wengine wadanganye naye. Hilo linatosha kabisa. Kuunganisha yaliyobaki ni kazi ya wapelelezi, ile kazi waliyoiacha wakaenda kupima urefu wa sketi. Wanaosema marehemu alijitakia, waambie hivi kwa niaba yangu: msichana alifuata maagizo ya baba yake neno kwa neno, akapanda gari aliloambiwa ni la nyumbani. Ni mtoto gani mtiifu kuliko huyo?

Sasa hao madereva. Ati kabini haionwi! Wazee wazima, wenye mabinti zao, waliona wanamficha mwenzao kwa meneja, sawa, siku ya kwanza nawaelewa, njaa ni njaa. Lakini mlipofika makaburini? Mlipomwona mama mtu anashikiliwa na watu huku na huku? Hapo hamkuwa mnaficha abiria tena, mlikuwa mmesimama na koleo mkononi, mnafukia ushahidi pamoja na mtoto. Breki, kama unasoma, machozi yako yafute kwa kitu kingine, turubai la fundi ni mali ya kazi. Na hiyo heshima unayomtunzia rafiki yako ilikuwa na kazi siku ile, leo huhitaji ruhusa ya mtu kusema ulichokiona kwa macho yako.

Baba yako ninamwonea huruma kuliko wote, na ninamkasirikia pia. Mwambie nimesema, kuwaamini wenzake halikuwa kosa. Aliwapa watoto wake kinga bora aliyokuwa nayo, na aliyeitumia vibaya ndiye mwenye lawama. Hilo alibebe bila aibu. Lakini kukuambia wewe nyamaza, leo, akiwa na akili zake na brashi mkononi, hilo ni lake mwenyewe, na akiling'ang'ania ndilo mama yako atakaloshindwa kumsamehe.

Mama yako! Barua nzima mnamkwepa kama mgonjwa asiyetakiwa kuambiwa ugonjwa wake. Baba anamficha, wewe unamficha, mchumba anamhesabia wiki. Nani amewaambia atavunjika? Huyu ni mwanamke aliyejibu maswali ya sketi ya mwanawe maiti hajazikwa, na bado anaamka anafunga mzigo anaenda sokoni. Mwambie leo hii. Usimpeleke chumbani na kumkalisha kitako kwa kuzungukazunguka, mwambie moja kwa moja alichokiona Breki.

Mchumba wako simjui, labda ni mtu mwema aliyeshikwa na kiwewe cha kadi. Kadi ni karatasi, zitachapishwa nyingine. Harusi isogezwe, ndugu waambiwe kuna mgonjwa, na wala si uongo, nyumba yenu inaumwa. Akigoma kusogeza, basi umeokoa pesa ya keki na umejua mapema unaolewa na nani.

Kisha nendeni polisi. Usiende kile kituo kidogo cha karibu na geti ambacho askari wanakunywa chai na madereva. Nendeni makao makuu ya upelelezi ya mkoa, mchana kweupe, wewe, mama yako na Breki. Kesi ya mauaji haiozi kwa kukaa. Faili lilifungwa kwa kukosa ushahidi, ushahidi umekuja kwa miguu yake kuleta turubai, basi faili lifunguliwe. Breki aandikishe maelezo, ayasome kabla ya kusaini, awataje wenzake wote waliosema giaboksi. Muulize mpelelezi jina lake na namba ya faili, uandike mbele yake aone unaandika. Wakikwambia njoo kesho, njoo kesho, na keshokutwa, na ujae pale kila siku mpaka waone bora wafanye kazi kuliko kukuona wewe. Mkiona bado wanapiga danadana, tafuteni wakili, na mimi mnijulishe.

Wasomaji, majibu haya nilimtumia fundi kwa simu siku niliyoyaandika, na barua yake nikaifungia kwenye droo. Mhariri aliitaka, nikamwambia haitoki, maana mtu anayetajwa humu naye anajua kusoma gazeti. Nilimwambia fundi haitachapishwa mpaka maelezo yawe polisi, hata kama ni mwakani.

Juzi simu yangu ikalia. Hakuwa fundi, alikuwa mama yake. Aliniambia wako nje ya ofisi ya mpelelezi, Breki ameshamaliza kuandikisha, yule bwana wa riboni amefuatwa asubuhi kazini kwake. Nikamuuliza, na baba watoto?

Akasema, "Yuko ndani, anawatajia majina ya madereva wa wakati ule. Nimemwambia nitamtazama akishatoka." Kisha akasema, "Barua ichapishe sasa. Na hao madereva wengine waliomwona mwanangu wakanyamaza, waambie mlango ni huu, waje."

Nimewaambia.