Mama Ida na Kikombe Chake cha Bluu

Mama, Jumapili hii, tarehe 13 Machi 2022, unatimia mwaka tangu ulipotutoka kule hospitali ya Ikonda. Mwaka jana tulikusomea wasifu kaburini, watu wakalia, wakala, wakaondoka. Wasifu ule ulikuwa na uongo ndani yake. Leo tunakuandikia upya, na wasomaji wa gazeti hili watusikie.

Kwa wasiokufahamu, wewe ni Ida Mtewele, muuguzi mkunga kwa miaka thelathini na miwili, na zahanati yako ya mwisho ilikuwa hapo Makambako. Vijana wanaopakia viazi pale stendi, nusu yao umewapokea wewe duniani. Walikuwa wakikuona wanatua gunia na kukusalimia, “Kamwene mama,” nawe kabla ya kuitikia unawaambia waonyeshe kucha. Hata yule mwenye ndevu alikuwa anakunjua vidole kama mtoto wa chekechea.

Ulistaafu kazi ila sabuni hukuistaafia. Ndoo yenye bomba ilikaa mlangoni kwako miaka mingi kabla ya serikali kuagiza ndoo. Mjukuu wako Jasmine alinawa mpaka akauliza kama bibi ana mkataba na kiwanda. Ulivaa masweta mawili hata Desemba, uliimba sauti ya pili kwaya ya akina mama, na jirani akiugua uji wako ulimfikia kabla ya salamu za wengine. Ulikuwa mkali, Mama, na tulikuwa tunajificha nyuma ya ukali wako tukiona raha.

Ilipokuja korona watu wetu walijua kila kitu. Baridi ya Njombe ingeiua yenyewe. Tena ulikuwa ugonjwa wa watu wa ndege, na sisi ndege tunaziona juu tu. Wewe ukasema ugonjwa unasafiri na watu, na Makambako ndiyo njia panda yao, malori ya Songea, ya Mbeya na ya Iringa yote yanapumzika hapa. Wakakucheka. Mtu ambaye hajawahi kusoma hata karatasi ya ndani ya boksi la panadol alikuwa anakufundisha wewe habari za mapafu.

Kinara wao alikuwa baba mkubwa Joackim, kaka yake baba na mkubwa wa ukoo. Januari ile ya 2021, msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, tulikutana kwake nje kidogo ya Njombe mjini. Kwetu mkubwa hunywa kwanza kuonyesha kwamba hakuna sumu, kisha kopo lilelile linazunguka mdomo kwa mdomo mpaka kwa wa mwisho. Kulikataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ni mchawi. Kopo lilipokufikia, ulifungua mkoba, ukatoa kikombe chako cha bati cha bluu, ukaomba umiminiwe.

Baba mkubwa akauliza, “Shemeji, kwani mate yetu yana sumu?”

“Sumu sijui, shemeji,” ulimjibu. “Najua ni mate.”

Kuanzia siku ile ukawa Bibi Kikombe. Walikuimbia hilo jina sokoni, wakakuimbia na kanisani kwenye ngazi. Baba yetu Vitus, mumeo, naye alicheka. Tunaliandika hili kwa sababu mwenyewe ametaka liandikwe.

Baba mkubwa hakuishia hapo. Alianzisha nyungu. Alichemsha majani ya mikaratusi kwenye sufuria la msibani, akachukua turubai la kufunikia viazi, akaingiza watu wanane kwa mpigo, wazima na wanaokohoa, wakahemeana usoni nusu saa nzima. Wakitoka wanatiririka jasho anawaambia mapafu yamefunguka. Wewe ulisema mvuke hauna kesi, kesi ni vichwa vinane chini ya turubai moja. Akasema umesomea ukunga, hukusomea mvuke. Loo! Eti yeye alisomea wapi?

Mwishoni mwa Februari baba alikwenda kumsalimia kaka yake, akaingizwa turubaini, akaona aibu kukataa. Siku ya nne akaanza kukohoa. Ulimtenga chumba cha uani, ukavaa barakoa, ukamlisha, ukamgeuza alale kifudifudi apate pumzi. Alipona. Wewe ukalala.

Mwanao Aron alikupeleka Ikonda, barabara ile ndefu ya milimani, umeegemea kioo unahesabu pumzi zako mwenyewe. Waliokupokea walikupokea vizuri na daktari alimwambia baba bila kuzunguka kwamba ni korona. Siku ya pili ukiwa kwenye oksijeni ulimpigia simu Rejoice, kitinda mimba wako, ukaongea kwa vipande. Rejoice aliandika nyuma ya daftari lake, na tunanakili hapa kama ulivyosema:

“Nikifa msifungue jeneza. Wazikaji kumi wanatosha. Mdogo wangu Prisila asipande basi, kifua chake kibovu, mwambieni nimesema abaki Ludewa. Na msidanganye watu ni ugonjwa gani.”

Mambo manne tu, Mama, na hatukutimiza hata moja.

Baba mkubwa alisema mke wa mdogo wake hawezi kuzikwa na watu kumi kama mtu asiye na ukoo. Akasema neno korona likitamkwa watu watakimbia msiba, nani atakula ng'ombe? Ndicho kilichomuuma, ng'ombe. Rejoice alimpelekea daftari, akalifunga bila kusoma, akamwambia mtoto wa kike haandikii ukoo sheria. Jenifa, mkubwa wetu, alipiga kelele peke yake akaambiwa ana uchungu, apewe maji.

Kwa hiyo jeneza lilifunguliwa. Watu zaidi ya mia mbili walipita kukuaga wakiinama juu yako, na sisi wafiwa tukapewa mkono wa pole mmoja mmoja mpaka viganja vikafa ganzi. Kopo la ulanzi likazunguka, lilelile. Na wasifu, alioutunga baba mkubwa kwa mkono wake, ukasema umefariki kwa homa ya ghafla. Aliyesimama kuusoma ni baba.

Mama mdogo Prisila alipanda basi kutoka Ludewa kwa sababu hakuna aliyempa ujumbe wako. Angeupataje, na wewe umekufa kwa homa? Alilala kwenye mkeka na akina mama wengine kumi na watatu chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa baridi, akimkumbatia kila anayeingia. Siku kumi na tisa baadaye tukamzika Ludewa. Huko tukaambiwa ni presha. Baba mkubwa alitoa rambirambi ndefu kuliko mchungaji.

Unataka kujua yuko wapi leo? Mzima, Mama. Chanjo zilipofika alikuwa miongoni mwa wa kwanza foleni, na hilo hatumlaumu, angalau mapafu yake yana akili. Mwezi uliopita kwenye kikao cha ukoo alitoa mfukoni kikombe cha plastiki chenye mfuniko, akawaambia vijana kila mtu anywee chake, afya kwanza, na kwamba yeye amelisema hilo tangu mwanzo. Tangu mwanzo! Vijana wakampigia makofi. Jina lako hakulitaja.

Kisha akatuma mtu kuhusu jiwe la kaburi lako. Tuandike kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, tusiandike ugonjwa, tutaaibisha ukoo. Jiwe tayari limechongwa, Mama. Limeandikwa: Ida Mtewele, mkunga, aliuguza mgonjwa wa korona, akafa kwa korona. Baba ndiye aliyelipeleka kwa fundi, na alikaa pale mpaka herufi ya mwisho.

Tutakutana makaburini Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Ndoo ya maji na sabuni itakuwa getini, na chai ipo kwa atakayekuja na kikombe chake. Kikombe chako cha bluu bado kipo kwenye msumari jikoni. Hatujapata ujasiri wa kukinywea.

Unakumbukwa na wanao Jenifa, Aron na Rejoice, mjukuu wako Jasmine, shemeji yako wa Ludewa, mume wa marehemu Prisila, akina mama wa kwaya, na wale vijana wa viazi wa stendi ya Makambako. Joackim hayumo katika orodha hii, na si kwamba tumepitiwa.

Wa mwisho ni mumeo Vitus. Ameomba awekwe mwisho, na ametupa maneno yake tuyaandike kama yalivyo: “Nilikuwa najua, na nikasoma.”

Mama, maadamu tunapumua tutakutaja, na kilichokuua tutakitaja.