Mgeni Aliyeuliza Kama Nafua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Naulizia goti lenyewe kwa sababu nikikuuliza afya kwa jumla utasema nzuri tu, hata kama umelala chali huwezi kugeuka. Mdogo wangu ameniambia siku hizi ngazi unazipanda kwa vituo. Pumzika, hakuna anayekukimbiza. Huku hatujambo, na jirani yangu muuza viatu anakusalimu sana. Bado anawasimulia wateja vichekesho ulivyomwachia.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza, na safari hii nataka nimalize.

Mikono yangu iko vilevile. Jioni nashika chochote, ila asubuhi vidole vimevimba na kukakamaa, mpaka niviloweke kwenye maji ya moto ndipo vikubali kukunjuka. Daktari amerudia kwamba baridi yabisi yangu si ya kupona, ni ya kutunzwa. Na kukata vitambaa vya sare za shule kwa mkasi ule mzito kutwa nzima si kuitunza. Ndiyo maana aliniandikia nifanye kazi nusu siku kwa miezi michache, na bima ya kazini inifidie sehemu ya mshahara ninayoikosa. Si sadaka, Mama. Bima hiyo nakatwa kila mwezi tangu niajiriwe, enzi zile nanyanyua jora zima la kitambaa peke yangu.

Kazini wamenipa jina: Mgeni Rasmi. Eti nafika shughuli imeshakolea, nakaa kidogo, kisha natoka na heshima zangu. Siku ya kwanza nilicheka nao. Siku ya pili nilimwambia mwanzilishi wa jina, mpiga pasi wetu, kwamba awe anapitia kwangu asubuhi anifungulie kifuniko cha chupa ya dawa, maana mimi siwezi. Siku hizi yeye ndiye anayenibebea majora, ingawa jina hajaliacha.

Halafu mwezi uliopita malipo yakasimama. Msimamizi akaniita, akasema watu wa bima wameona mimi ni mzima, kwa hiyo ama nirudi kutwa nzima, ama niandike barua ya kuacha kazi. Sikulia mbele yake. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda ofisi ya bima kwa miguu, nimefura kwa hasira hata vidole sivisikii.

Mama, aliyenipokea kule ni kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri. Ni yuleyule aliyekuja nyumbani ulipokuwa hapa kwangu, siku niliyokwenda kliniki. Yuleyule ambaye kila ukinipigia simu unauliza atarudi lini.

Hakuja kuposa. Alitumwa kuangalia kama kweli naumwa. Alinieleza kwa adabu kwamba alisema amekuja kwa habari za binti yako, na kabla hajamaliza ukawa umeshamvutia kiti. Akauliza kama naamka mapema, kama napika, kama nafua mwenyewe, kama nanyanyua ndoo. Nimejaribu kuyasikia maswali hayo kwa masikio yako, na sikulaumu: hata mimi ningedhani ni mshenga. Ukamjibu kwamba nafua mashuka ya nyumba nzima kabla jua halijatoka, na tangu nizaliwe sijawahi kumeza kidonge. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka alipoelewa alikuwa amekaribishwa kama nani. Ana mke, kwa taarifa yako.

Lakini asubuhi ileile wewe ndiye uliyenifungia vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, kwa sababu vidole vyangu viligoma. Hilo ndilo lililoniuma. Uliona kwa macho yako, kisha ukanifichia. Najua ulifanya kwa mapenzi. Unaogopa hakuna atakayemtaka mgonjwa. Mimi naogopa jambo jingine. Naogopa mikono hii isije ikanifia ningali kijana. Kazi siachi, Mama, na nusu siku yangu pia siiachi. Nimekata rufaa, daktari ameandika upya, na kijana yule amekubali kukupigia simu wiki ijayo akusikilize tena.

Akipiga, usimwambie ni homa ndogo, wala usimwambie najikaza. Mweleze habari ya vile vifungo. Utaje ugonjwa kwa jina lake, kwa sauti, hata kama jirani amesimama mlangoni. Na siku akija mshenga wa kweli, naye mwambie hivyohivyo.

Nisalimie mdogo wangu na wote wanaoniulizia. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako