Vumbi Kwenye Kigongeo

Bwera, Jumamosi, 1 Februari 1969

Miezi sita leo tangu nitoke kwetu Butembo, ng'ambo ya mpaka. Minne Kasese, kupakia shaba kwenye mabehewa. Miwili hapa, kumjengea Padri ukuta. Mgongo umekwisha. Mke wangu Kavira nilimwacha na mimba, yetu ya kwanza. Atajifungua mwezi huu. Nimetuma barua mbili, jibu hakuna.

Kila Jumamosi Padri anaongea kwa redio na mnunuzi wa kahawa wa Butembo, kwa kugonga herufi tu, mlio mfupi ti, mrefu taa. Kavira anafagia nyumba ya mtu huyo. Nilimwomba Padri amuulizie. Akakataa. Leseni yake inakataza kubeba salamu za watu. Wazungumze hali ya hewa na vyombo vyao, basi. Nina hasira.

Jumamosi, 8 Februari

Nachanganya saruji chini ya dirisha la redio. Makusudi. Padri ana vigongeo vitatu. Cha kwanza unabonyeza kwa mkono, kila ti, kila taa. Cha pili kina springi, unakisukuma kwa ubavu, ti zinatoka zenyewe kama mvua juu ya bati. Cha tatu unabana kwa vidole viwili, umeme unafanya yote. Hicho sikipendi. Hakina mtu ndani. Mtu wa Butembo hutumia cha springi. Namjua kwa sikio.

Baluku, mwashi mwenzangu, ananicheka. "Bibi yako iko ndani ya sanduku ile?"

Jumatano, 12 Februari

Nilikwenda mpakani. Askari wa darajani akatazama kibali changu. "Hii imekufa. Rudi Kasese, ipigwe muhuri." Ndiyo, afande. Nimerudi kwa miguu. Nililia njiani.

Jumamosi, 22 Februari

Leo sauti ya Butembo ilikuwa nyingine. Nzito, polepole. Si springi. Niliacha koleo. Kuna jambo nyumba ile; nilifikiria kifo.

Padri akaandika, akagonga swali, akaandika tena. Akaja dirishani na karatasi. Mwenzake leo anatumia kigongeo cha mkono. Cha springi kimejaa vumbi. Kavira, anayekifuta, hajaja kazini siku tisa. Amejifungua msichana. Wote wazima.

"Hiyo si salamu, Kambale," alisema. "Ni habari ya kigongeo."

Baluku hakucheka. Alichukua koleo langu, akachanganya saruji peke yake.

Jumanne, 25 Februari

Mvua. Jana nilifika Kasese. Muhuri utatoka Alhamisi, 20 Machi.

Jina la mtoto hawakulitaja. Lakini kwetu msichana wa kwanza ni Masika, kwa hiyo nalijua. Nimelisema mara kadhaa, taratibu.

Nitavuka daraja Ijumaa, 21 Machi, asubuhi.