Jezi za Buluu Zilizofika Goma Nyeupe

Gisenyi, Jumatatu asubuhi, Novemba 1954

Mvua imekatika lakini mawingu bado yamekaa juu ya ziwa, na mimi nimeamka na hasira. Si hasira ya kununa. Ni ile ya kutaka kupita katikati ya mji kifua mbele.

Fundi anayenifundisha kushona hajafika, cherehani bado zimefunikwa. Naandika hapa barazani kabla hajaja kuniuliza kwa nini kucha zangu ni nyeusi.

Jana tulicheza Goma. Nikisema sisi, nina maana timu ya pili ya klabu yetu ya vijana, ile isiyo na mwenyewe. Timu ya kwanza, wale wakubwa, nayo ilikuwa ugenini, Ruhengeri. Wao walipewa lori. Sisi tuliambiwa Goma na Gisenyi ni pua na mdomo, twende kwa miguu. Sawa, miguu tunayo.

Lakini Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini, Mzee Rashidi alitusimamisha mbele ya duka lake la vitambaa. Yeye ndiye mwenyekiti wa klabu. Alisema kila mtu asikie: "Mi nimechoka na ninyi. Mukifungwa Goma, timu ya pili imekwisha. Mupira na majezi vinaenda kwa wakubwa."

Mimi ndiye nahodha. Nilisema, "Ndiyo, Mzee."

Sasa niseme habari ya jezi. Mzee alitupa kitambaa cheupe cha amerikani, nikazishona mwenyewe. Vijana wa Goma huvaa nyeupe, kwa hiyo zetu zilihitaji rangi, na rangi ya dukani Mzee alitunyima. Hamisi, golikipa wetu, akapata akili. Mama yake anawafulia Wazungu wa kando ya ziwa, na nyumbani kwao hakukosekani buluu, ile ya kusuuzia mashati meupe yang'ae. Hamisi akakoroga beseni zima, akalaza jezi humo. Zilipokauka zilikuwa za buluu hasa! Tulizishangilia kama nguo za Idi.

Mama yeyote wa mji huu angetuambia buluu haishiki. Lakini nani anakwenda kumwuliza mama yake mambo ya mpira?

Tulizivaa tangu nyumbani ili watu watuone. Tukakata mtaa wa Mbugangari kwa madaha, mafundi wenzangu wakiacha kazi kututazama. Kabla hatujafika kwenye kizuizi cha mpakani mvua ikatumwagikia, ile ya huku isiyobisha hodi.

Buluu yote ikashukia miguuni.

Askari wa kizuizi alicheka mpaka akashika mlingoti. Tulifika Goma na miguu ya buluu na jezi nyeupe kuliko za wenyeji. Ndiyo kazi ya buluu, kung'arisha. Watu uwanjani walijishika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke, nakiri.

Refa, karani mmoja wa kulekule, hakucheka. Alituangalia, akatoa filimbi mdomoni. "Bon. Timu mbili nyeupe, mi nitajua je nani iko nani? Mutafute rangi ingine, ao murudi kwenu. Mukirudi, ni sawa mumefungwa."

Mumefungwa. Neno lile lile la Mzee Rashidi. Niliomba tuvue jezi, tucheze vifua wazi. Akakataa, kuna mabibi wa Kizungu wamekaa kwenye viti. Hamisi alianza kulia, golikipa mzima.

Ndipo Bosco akaondoka. Bosco ni mshambuliaji wetu, baba yake mvuvi, na maneno yake ni machache. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtaro kando ya uwanja, uliojaa tope la ule udongo mweusi wa volkano. Akalala chini. Akajigeuza huku, akajigeuza huku. Akasimama mweusi ti kutoka shingoni mpaka magotini, akamwuliza refa, "Na hii ni nyeupe?"

Mana we, Mungu wangu! Tuliruka mtaroni wote. Tulipakana migongo, tukasuguana, na watu waliokuwa wanatucheka wakaanza kupiga makofi. Refa alituzunguka akitukagua, akapuliza filimbi.

Walitufunga bao mapema. Sitasema uongo, walikuwa wanatuzidi. Lakini tope likikauka mwilini linakuwa gumu kama ngozi, na sisi tulikuwa tumeshaona aibu yote ya siku hiyo, hatukuwa na kitu kingine cha kuogopa. Kipindi cha pili Bosco akasawazisha kwa kichwa. Mwishoni wakapewa penalti, na Hamisi, yuleyule wa machozi, akaudaka na kuukumbatia mpira kama mtoto aliyepotea.

Sare. Nahodha wao akaniomba tuje tena Jumapili ijayo. Nilimjibu ndiyo kabla ya kumwuliza mtu yeyote.

Jioni tulimkuta Mzee Rashidi dukani pamoja na wakubwa, wameshuka kwenye lori. Wao walikuwa wamefungwa. Kwao hakuna aliyesema timu imekwisha. Lakini sisi, habari zetu zilishatutangulia.

"Mumetutia aibu," alisema Mzee. "Mumejigaragaza kama nguruwe mbele ya watu. Mulete majezi."

Nilimwambia kwa heshima zote, shikamoo kwanza: "Mzee, ulisema tukifungwa. Hatukufungwa." Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo.

Tuliziweka jezi mezani pake. Alimpa nahodha wa wakubwa jezi ya Hamisi. Yule akaishika kwa vidole viwili, akairudisha mezani. "Hii mi sivai, Mzee."

"Sasa nani atavaa kitu kama hii?"

"Sisi," tulisema. Hatukupanga. Lilitoka kwa wote.

Mzee akaingia ndani akafunga mlango. Nilibeba jezi zote mpaka hapa. Leo asubuhi nimejaribu kusuuza moja: tope limekolea kwenye uzi, limebaki jeusi la moshi, zuri kuliko buluu ya Hamisi.

Mpira ameuchukua Mzee. Basi, tutaazima wa Goma. Jumapili tunakwenda, na sitapita kuomba ruhusa kwa mtu.

Akitaka timu ya pili iishe, avue kanzu, aingie uwanjani, atufunge mwenyewe.